Sinema na Mwanafunzi wa Tarakea

Mzee mmoja wa Tarakea ametuletea neno, wala hakulileta kwa utani. Mwanawe anasomea uhasibu katika chuo kimoja cha Moshi, na katika mtihani uliopita alishindwa somo moja, akatakiwa kulirudia. Mzee anasema kosa si la somo wala la mwalimu, bali ni la sinema. Amekusudia kuacha kumpelekea fedha, ili njaa imfundishe. Twaona kuwa jambo hili ni la wazazi wengi, wala si la nyumba moja. Kwa hiyo twalisema hadharani.

Kwanza yafaa tumtazame kijana mwenyewe, maana hukumu isiyomsikiliza mshitakiwa si hukumu. Huamka alfajiri katika chumba cha kupanga, akachemsha chai, akaenda chuoni kwa miguu ili aokoe nauli. Mchana hula ugali na maharage. Fedha za mkopo, ambazo wanafunzi huziita bumu, hazifiki mwisho wa muhula, na pengo huzibwa na mama yake anayeuza ndizi sokoni. Usiku vijana wanne hukusanyika mbele ya kompyuta moja ndogo, wakatazama filamu za Wahindi, za Wakorea, na za Watanzania wenzetu. Ya kwanza huisha saa nne, na ya pili huisha saa sita. Ya tatu ndiyo iliyokula somo lake.

Tulimwuliza mzee kama yeye hakupata kupenda sinema. Akacheka, akakiri kwamba katika ujana wake alishuka Moshi mara nyingi, akalala mjini kwa ajili ya picha ya Kihindi, na hata leo anaimba wimbo wake asioujua maana. Basi upendo huu haukuzaliwa na kompyuta.

Wala si jambo geni katika nchi yetu. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walifanya jaribio huko Vugiri, katika milima ya Usambara, la kutengeneza filamu za kumfundisha Mwafrika kilimo na afya. Mwaka 1952 Marekani ilitoa filamu iitwayo The Snows of Kilimanjaro, aliyoigiza Gregory Peck. Jina la mlima wetu likaenea duniani, lakini hadithi ni ya mwandishi wa Kimarekani anayeugua na kukumbuka mapenzi yake ya Ulaya. Mkulima wa kahawa aliye chini ya theluji ile si hadithi yao. Ndipo 1968 likaundwa shirika letu wenyewe, Tanzania Film Company. Mwaka 1985 ikatoka Arusi ya Mariamu, na baada ya 2000 zikafuata filamu nyingi za Kiswahili zilizompa sifa marehemu Steven Kanumba, aliyefariki 2012. Mwaka 2021 Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto. Kazi iliyofika huko haiwezi kuitwa upuuzi.

Hata hivyo hatumtetei kijana katika kila jambo. Yeye ni mwanafunzi wa hesabu, na hesabu ya kwanza impasayo ni ya usiku wake: filamu tatu ni saa sita au zaidi, na saa hizo zimelipiwa na mikungu ya ndizi aliyoibeba mama yake. Tena hebu ajiulize filamu ile imefikaje katika kompyuta yake. Ikiwa imenakiliwa bure, msanii hakupata hata senti, ingawa Sheria ya Hakimiliki imekuwapo tangu 1999. Wengine waliuza kazi zao kwa wasambazaji kwa bei ya mara moja, nayo faida iliyofuata ikawa ya mnunuzi.

Habari hiyo si ngeni Kilimanjaro. Babu zetu walivuna kahawa, na bei ikapangwa na wengine. Walianzisha chama chao cha wakulima mwaka 1925, na 1933 kikazaliwa chama cha ushirika cha KNCU, ili wauze kwa sauti moja. Chuo cha Ushirika kikafunguliwa Moshi mwaka 1963, nacho kimekuwa chuo kikuu tangu 2014. Mhasibu kijana apendaye sinema angeweza kuchunguza jinsi wasanii wa filamu wawezavyo kuuza kazi zao kwa njia kama hiyo. Hapo upendo wake ungegeuka kazi, na watu wangefaidika.

Kwa mzee twasema hivi: usikate fedha, kwa maana njaa haijapata kumfaulisha mtu mtihani. Mwandikie mwanao akuonyeshe ratiba yake, na akuahidi filamu moja tu, tena mwisho wa juma. Kwa kijana twasema: rudia somo lako na ulishinde. Kisha ukipanda gari la Tarakea wakati wa likizo, chukua filamu moja nzuri ya Kiswahili iliyolipiwa kwa halali, ukae na wazazi wako mkaitazame pamoja. Baba yako atauliza nani kaitengeneza na nani kala faida yake. Uwe na jibu.