Mu biro ya kura, nani anaweza kusaidia mtu asiyeona ao asiyejua kusoma?

Siku ya kura, watu wengi mashariki ya Congo wanafika mbele ya mashini ya CENI bila kujua waanzie wapi. Kuko wazee wasioona vizuri, kuko wenye ulemavu wa mikono, kuko wasiojua kusoma. Hapo ndipo msaada unahitajika, na ni hapo pia kura ya mtu inaweza kuibiwa.

Sheria inasema nini?

Sheria ya uchaguzi ya tarehe 9 Machi 2006, ambayo ilibadilishwa mara kadhaa, inasema: mupiga kura asiyeweza kupiga kura yeye peke iko na haki ya kusaidiwa na mtu anayemuchagua mwenyewe. Musaidizi huyo lazima awe pia mupiga kura. Basi mtoto wa miaka 12 anayeongoza tate yake kila siku hawezi kumusaidia kuchagua. Lakini mtoto mukubwa, jirani ao muntu wa kambi ya wakimbizi anayemwamini, anaweza.

Neno la kushika ni «anayemuchagua mwenyewe». Shahidi wa chama, polisi ao chefu wa kartiye asijiweke bila kuitwa. Agenti wa biro anaweza kuonyesha namna mashini inatumika. Kumuwekea mtu kidole pa picha ya kandida ni jambo lingine.

Mbele ya mashini

Mu uchaguzi wa 2018 na wa 2023, mupiga kura alipewa karatasi, akaiingiza mu mashini, akagusa kandida wake pa kioo, kisha mashini ikaandika chaguo lake pa karatasi ile ile. Ni karatasi hiyo inaingia mu sanduku. Kwa hiyo iangaliwe vizuri mbele ya kuikunja. Kwa asiyeona, musaidizi anamusomea pole pole, wengine wasisikie. Katiba, mu kifungu cha 5, inasema kura ni ya siri; musaidizi naye anafunga kinywa.

Kukiwa shida

Mtu akilazimishwa, aambie kiongozi wa biro mbiyo, mbele karatasi haijaingia mu sanduku. Ikisha kuingia, hakuna mtu atakayeitambua tena kati ya zingine. Mashahidi wa vyama wanaweza kuomba jambo hilo liandikwe mu PV ya biro.

Biro zinafunguliwa saa kumi na mbili asubui, zinafungwa saa kumi na moja ya jioni. Lakini aliye tayari mu mustari saa ya kufunga, iko na haki ya kupiga kura, asirudi nyumbani.

Kazi inaanza mu jamaa, siku mbele ya kura: kuuliza muzee nani atamusindikiza, na kuhakikisha kama huyo iko na kadi ya uchaguzi. Muzee asiyekuwa na mtu wake, pa mulango wa biro kuko wengi tayari kumuchagulia.