Pumu: Pampu Mbili, Kazi Mbili

Huku kwetu Kibondo na Kasulu miezi ya Juni hadi Agosti huleta baridi ya asubuhi, vumbi la barabarani na moshi wa nyasi zinazochomwa. Ukiongeza moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha, mwenye pumu hukesha ameketi.

Katika pumu, njia za hewa mapafuni huvimba na misuli inayozizunguka hujikaza. Ndiyo maana dawa ni mbili. Salbutamol, ambayo pampu yake mara nyingi ni ya bluu, hulegeza misuli kwa dakika chache, na nafuu yake hudumu saa 4 hivi. Uvimbe haiugusi. Uvimbe hutulizwa na beklometasoni au budesonidi, ambayo huvutwa kila siku hata mgonjwa akijiona mzima, kisha husukutua mdomo na kutema maji. Wengi huiacha hii wakipata nafuu, hubaki na ya bluu, na usiku mmoja ya bluu hushindwa. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unashauri kwamba mwenye miaka 12 na zaidi asitibiwe kwa salbutamol peke yake. Maneno ya kijiweni kwamba pampu "huzoeza" mwili tusiyasikilize.

Mtoto hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita inafaa kama kifaa cha dukani. Toboa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pampu, ichomeke ibane, ziba pembeni. Tikisa pampu, bonyeza mara moja, mtoto apumue mara 5 au 6 kwenye shingo ya chupa, ndipo ubonyeze tena.

Kikohozi cha wiki 2 kipimwe kwanza kifua kikuu. Anayehitaji pampu ya bluu zaidi ya mara 2 kwa wiki, au anayeamshwa na kifua usiku, arudi kwa mganga aombe rufaa, hata kama ni hadi Bugando, Mwanza. Daktari bingwa humpulizisha katika mashine kabla na baada ya dawa, alinganishe. Nenda na pampu zako zote, akuone ukivuta.

Asiyeweza kumaliza sentensi, mwenye midomo ya kibluu, au mtoto ambaye mbavu zinaingia ndani, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, akiendelea kuvuta ya bluu njiani.