Hewa, Chumvi na Gari la Kujiundia

Mtu wa Mkoa wa Songwe akisikia neno kimondo hufikiria kile cha Mbozi, lile pande kubwa la chuma lililolala Ndolezi. Kipo kingine, kidogo kiasi cha kuingia kwenye mfuko wa koti, na wataalamu wengi wa anga wanakionea wivu zaidi. Kilianguka Ivuna, Bonde la Ziwa Rukwa, tarehe 16 Desemba 1938. Kilikuwa na uzito wa gramu 700 na ushee, nacho kimo katika kundi adimu la vimondo ambavyo elementi zake, ukiacha gesi, zina uwiano unaokaribiana sana na ule wa Jua. Hapa ninakitaja kwa sababu nyingine, nayo ni mwendo. Jiwe lolote linalotoka angani huingia kwenye hewa ya dunia kwa mwendo usiopungua kilomita 11 kwa sekunde, sawa na kilomita 40,000 kwa saa. Jiwe la ukubwa huo likigusa ardhi huwa limebakiwa na kama kilomita 200 kwa saa, mwendo ambao gari dogo lenye injini nzuri linaufikia. Nyingine zote zimeliwa na hewa. Anayetaka kuunda gari la kukimbia kwenye nyanda za chumvi aanzie hapo, maana hewa iliyolishika jiwe la Ivuna ndiyo itakayolishika gari lake.

Katika mchezo huu magari hayafukuzani. Gari moja huachiwa peke yake kwenye mstari ulionyooka, likapimwa muda wa kukata kipande kilichopimwa, kisha linapungua mwendo taratibu hadi lisimame. Uwanja wake maarufu ni Bonneville, jimbo la Utah, Marekani, ambako wiki ya mbio imefanyika tangu 1949, na wengi wanaofika ni watu waliounda magari yao uani kwa chuma na vipuri vya magari mengine. Swali la kijana wa gereji ya Tunduma huwa moja: nifunge injini gani? Nadhani swali hilo limewahi mno. Gari la chumvini huanzia kwenye pua yake na chini ya matairi yake, na injini ni jambo la tatu. Tuchukue gari dogo la kawaida, kama Toyota IST, kwenye joto la nyuzi 35 na mwinuko wa mita 800 hivi wa Bonde la Rukwa. Kwa kilomita 100 kwa saa, kuipasua hewa kunahitaji nguvu za farasi 10 na kidogo tu. Ukiongeza mwendo mara mbili, mahitaji hayaongezeki mara mbili. Yanaongezeka mara nane, yanafika 85. Kwa kilomita 300 ni mara ishirini na saba, yaani 280 na zaidi, na hapo hatujahesabu msuguano wa matairi wala nguvu inayopotea kwenye gia boksi. Ndiyo maana anayeongeza injini tu anajaza maji kwenye pakacha.

Sasa geuza hesabu. Acha injini kama ilivyo, badilisha umbo. Mlaze dereva chali, miguu mbele, upana wa gari uwe upana wa mabega yake na chuma cha kumlinda, matairi yafichwe ndani ya bodi, na mkia uchongoke kama wa samaki. Eneo linalokutana na hewa linashuka hadi kama robo tatu ya mita ya mraba au chini yake, na hewa inateleza badala ya kugonga. Gari la namna hiyo, kwa kilomita 300 zilezile, linahitaji nguvu za farasi 56 hivi za kuipasua hewa. Ongeza kama 30 za msuguano wa matairi juu ya chumvi. Injini ya IST ya sisi 1,500 ilitoka kiwandani ikiwa na 109. Hesabu inabana, lakini haiko mbali. Bill Burke wa California aliliona hili mapema: mwaka 1946 alichukua tangi la mafuta la ziada la ndege ya kivita, aina ile iliyoning'inizwa chini ya ndege na kudondoshwa mafuta yakiisha, akatia injini na magurudumu, akaenda kukimbia kwenye ziwa kavu. Wahandisi wa ndege walikuwa wameshamfanyia kazi ya umbo, na vita vilipoisha tangi likawa chuma chakavu. Burt Munro wa Invercargill, New Zealand, alikuwa na pikipiki ya Indian ya mwaka 1920 ambayo kiwandani ilitoka na mwendo usiofika kilomita 90 kwa saa. Alisubu pistoni zake mwenyewe, akaivalisha pikipiki ganda lililochongoka, na mwaka 1967, akiwa na miaka 68, alipita Bonneville kwa zaidi ya kilomita 295 kwa saa akiwa na injini isiyofika sisi 1,000. Wanaomsifu hupenda kusimulia pistoni. Bila lile ganda, pistoni hizo zisingemfikisha kule.

Jambo la pili liko chini, na ndilo linalowashangaza mafundi waliozoea mbio za barabarani, ambako kila kilo inayopunguzwa ni faida. Chumvi haishiki tairi kama lami. Tukichukulia kwamba inashika kwa asilimia 40 ya uzito unaoikandamiza, ile IST yetu, yenye kama kilo 600 juu ya magurudumu ya mbele yanayoivuta, inaweza kusukuma kwa nguvu ya kilo 240 basi. Lakini hewa, kwenye kilomita 300, inairudisha nyuma kwa kilo 258. Hata ukiifunga injini ya lori, matairi yatazunguka bure na kuchimba mfereji, na spidi mita itasoma uongo. Kwa hiyo wenye uzoefu wa chumvini huongeza uzito kwa makusudi, vipande vya risasi vilivyofungwa imara kwenye chesisi. Uzito huo unachelewesha gari kuchanganya, lakini njia ni ndefu, kilomita kadhaa, muda upo. Na uangalie tena gari letu lililochongoka: hewa inalirudisha nyuma kwa kilo 51 tu. Umbo lililopunguza kazi ya injini limepunguza vilevile kazi ya tairi. Sijui kipuri chochote cha dukani kinacholipa mara mbili namna hiyo.

Wapo watakaosema hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, injini inakosa pumzi. Ni kweli, kwenye mwinuko na joto nililotaja injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu. Lakini hewa hiyohiyo nyepesi inapunguza upinzani wake kwa asilimia 15. Hasara na faida zinakaribia kufutana, huku mshiko wa tairi ukibaki palepale.

Pingamizi zito zaidi ni la ardhi yenyewe. Ivuna ina chumvi, na kwa karne nyingi. Mwaka 1966 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba pale na kukuta mabaki ya watu waliotengeneza chumvi tangu karne ya 13 hivi. Ila chumvi ya Ivuna ni ya chemchemi na udongo, chumvi ya chungu na moto. Uwanja wa mbio unahitaji kitu kingine: maji yatande juu ya eneo pana wakati wa mvua, yakauke polepole kiangazi, yaache gamba gumu lililosawazishwa na maji yenyewe. Rukwa ni ziwa lisilo na mto wa kutokea, kina chake hupanda na kushuka sana, na tambarare za kando yake zina udongo wa mfinyanzi ambao masika ni tope na kiangazi hupasuka nyufa. Ufa wa upana wa kiganja ni kitu kidogo kwa trekta. Kwa gari linalokwenda mita 83 kila sekunde ni shimo la kaburi. Magadi ya Kenya ina gamba jeupe la kupendeza machoni, lakini chini yake kuna maji mazito ya magadi, tena ni mgodi wa kazi. Chalbi, kule Marsabit, ziwa lililokauka, ndipo ninapoona pana matumaini zaidi kwa Afrika Mashariki. Hata Bonneville haiko salama: gamba lake limekonda, njia iliyokuwa na kama kilomita 21 zamani imefupika sana, na mbio za 2014 na 2015 zilifutwa kwa sababu ya hali ya chumvi.

Lakini uwanja unaweza kutengenezwa, na mfano uko Afrika. Hakskeen Pan, Afrika Kusini, si chumvi bali ni tope lililokauka. Watu zaidi ya 300 wa jamii ya Mier waliokota mawe kwa mikono, tani zaidi ya 16,000, ili gari la Bloodhound lipate njia. Mwaka 2019 lilikimbia hapo kwa kilomita 1,010 kwa saa. Gari lile ni la injini ya ndege na fedha za kutisha, halina uhusiano na gereji ya uani. Ninalotaka lionekane ni ile kazi ya kuokota mawe, ambayo haikuhitaji hata bisibisi.

Nchi yenye barabara za vumbi ifanye nini na mchezo huu? Swali hilo liliwahi kuulizwa kwa namna nyingine. Kenya iliunda gari la Nyayo, likaoneshwa 1990. Tanzania ina gari la Nyumbu, lililoundwa Kibaha. Makerere walitoa Kiira la umeme 2011. Magari hayo yalibebeshwa mzigo wa kuwa kiwanda cha taifa tangu siku ya kwanza, na gari la Nyayo halikufika sokoni. Gari la chumvini halidaiwi soko. Linadaiwa namba moja, na namba hiyo haisemi uongo kwa kumheshimu mgeni rasmi.

Hatari ni pingamizi ambalo sina jibu jepesi kwake, ila kueleza linalojulikana. Gari la kasi lijengwe kama mshale: uzito kichwani, manyoya mkiani. Kitovu cha uzito kikiwa nyuma ya mahali hewa inaposukuma, upepo wa ubavuni utaligeuza kinyumenyume, na hakuna dereva hodari wa kutosha kulirudisha. Ndiyo kazi ya lile pezi la wima unaloliona mkiani, na ndiyo sababu risasi hufungwa mbele. Matairi nayo yana maandishi ubavuni: herufi S ni kilomita 180 kwa saa, H ni 210, V ni 240, Y ni 300. Tairi la mtumba lenye S likipelekwa 250 halitapata pancha, litafumuka. Keji ya mabomba ya kumzunguka dereva, mikanda ya kumfunga mabega na nyonga, kizima moto na parashuti ya kupunguza mwendo visiachwe vifungwe mwisho kwa fedha zitakazobaki.

Kabla ya kununua injini kuna kipimo kisichohitaji zaidi ya saa ya simu na uwanja wa ndege mdogo uliofungwa kwa ruhusa. Peleka gari la kilo 1,000 hadi zaidi ya kilomita 100 kwa saa, tia gia huru, usiguse breki, hesabu sekunde za kushuka kutoka 100 hadi 80. Rudia upande wa pili ili upepo usikudanganye. Gari la umbo la IST litachukua kama sekunde 15. Funga pua ya bati, ziba uvungu, funika magurudumu, ongeza mkia, pima tena. Zikifika 21, umeshapunguza upinzani wa hewa kwa nusu, na injini bado ni ileile uliyoikuta.