Simu inaisha chaji haraka? Fanya jaribio hili kabla ya kununua betri

Msikilizaji mmoja wa Kifanya alitupigia studio akiwa amechoka. Simu yake alikuwa anaichaji usiku kucha, lakini ikifika saa 8 mchana imezima. Alishabadilisha betri mara mbili, na hali ikabaki vilevile. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mnunuzi wa parachichi alimpigia siku simu imezima, hakumpata, akaenda kupakia kwa jirani.

Swali lake lilikuwa: ninunue betri ya tatu, au ninunue simu nyingine? Jibu letu ni kwamba asinunue chochote kwanza. Ajue chaji inakwenda wapi.

Chukulia betri kama ndoo ya maji. Ndoo ikiisha maji haraka, huenda haikujaa, huenda kuna mtu anachota bila wewe kujua, au huenda yenyewe imetoboka. Kununua ndoo mpya kunasaidia pale tu ya zamani ilipotoboka.

Je, simu inajaa kweli?

Anza na chaja na waya, kwa sababu kuvijaribu hakuna gharama. Azima chaja ya mtu ambaye simu yake inajaa vizuri, uone kama kuna tofauti. Angalia pia tundu la kuchajia. Vumbi na nyuzi za mfukoni hujazana humo, waya ukawa hauingii hadi mwisho. Zima simu, kisha toa uchafu taratibu kwa kijiti kikavu cha meno. Usitumie sindano wala pini.

Kama unatumia sola, usiunganishe simu moja kwa moja kwenye paneli. Umeme wa paneli hupanda na kushuka kadiri jua linavyobadilika. Pitisha kwenye kifaa cha kudhibiti chaji.

Jaribio la usiku mbili

Usiku wa kwanza, jaza simu, chomoa chaja, kisha washa hali ya ndegeni, ile yenye alama ya ndege. Andika asilimia ya chaji saa 3 usiku, na uangalie tena saa 12 asubuhi. Waage watu wako kwanza, maana hawatakupata hewani. Kengele ya kukuamsha italia kama kawaida.

Usiku wa pili, fanya hivyohivyo, simu ikiwa mahali palepale, lakini acha mtandao na data kama unavyoviacha siku zote.

Kama usiku wa kwanza chaji imeshuka asilimia chache tu, na usiku wa pili imeshuka sana, betri yako huenda haina tatizo. Kinachokula chaji ni mtandao au programu. Kama imeshuka sana hata kwenye hali ya ndegeni, huenda betri imechoka au simu yenyewe ina hitilafu ndani.

Milima yetu na chaji yako

Simu huzungumza na mnara muda wote, hata ukiwa hupigi. Ukiwa karibu na mnara, inatumia nguvu kidogo. Ukiwa bondeni au nyuma ya mlima, inaongeza nguvu ili isikike, kama mtu anayepiga kelele kumwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Ndiyo maana simu ileile inaweza kukaa siku nzima Njombe mjini, na shambani ikaisha kabla ya jioni.

Kama hapo ulipo 4G inashika na kuachia, ingia kwenye mipangilio ya mtandao uchague 3G au 2G. Kupiga simu, ujumbe mfupi na kutuma pesa kwa menyu ya kawaida vitaendelea. WhatsApp itakuwa nzito. Kama una laini mbili na moja haishiki, izime. Zima data usipoitumia.

Kisha fungua mipangilio, ingia sehemu ya betri. Utaona orodha ya programu na asilimia ambayo kila moja imetumia. Ukikuta programu usiyoitumia iko juu, iondoe. Zile programu zinazodai kuongeza chaji usizipakue. Nazo zinakula chaji.

Baridi si ugonjwa wa betri

Mwezi wa sita na wa saba huku kwetu, simu inaweza kuzima asubuhi ikiwa na asilimia 20, kisha ikawaka ikipata joto. Hiyo ni baridi. Iweke mfuko wa ndani wa koti. Usiiweke jikoni karibu na moto, kwa sababu baridi hupunguza chaji kwa muda, lakini joto kali huichosha betri moja kwa moja.

Ikibainika ni betri

Betri za simu za siku hizi huchoka kwa matumizi. Kwa simu nyingi, baada ya kujazwa kikamilifu mara 500 hivi, uwezo hushuka hadi karibu asilimia 80. Ukichaji kila siku, hiyo ni kama mwaka mmoja na nusu. Dalili nyingine ni chaji kuruka, mfano kutoka 40 hadi 15 ghafla.

Hapo piga hesabu. Kama betri na kazi ya fundi haifiki nusu ya bei ya simu kama hiyo, na simu nyingine yote iko sawa, badilisha betri. Ikizidi nusu, na kioo nacho kimepasuka, hiyo pesa ianze kuwa akiba ya simu nyingine.

Kwa fundi, toa laini zako kabla ya kumwachia simu, na usimpe mtu namba yako ya siri ya kutuma pesa. Muulize atakubadilishia betri bure kwa muda gani ikisumbua, na akuandikie kwenye risiti.

Jambo moja halina jaribio. Betri ikivimba, au kifuniko cha simu kikianza kunyanyuka, acha kuichaji siku hiyohiyo. Usiitoboe, usiitupe motoni, usiwape watoto kuchezea. Mwaka 2016 Samsung ililazimika kurudisha simu zake za Galaxy Note 7 kutoka sokoni kwa sababu betri zilikuwa zinawaka moto. Betri mbovu haina heshima kwa simu ya bei ghali wala ya bei nafuu.

Anza na usiku wa leo, kalamu na karatasi karibu. Na kama ni msimu wa mavuno, mpe mnunuzi namba ya pili ya mtu wa nyumbani.