Kibarua akianguka mjengoni, nani atawajibika?

Ni jambo la kawaida asubuhi na mapema kuwaona vijana wamesimama langoni mwa jumba linalojengwa, iwe ni Nairobi, Mombasa au Nakuru, wakingoja kuitwa. Anayebahatika hupewa karai au koleo papo hapo, na kufikia saa mbili tayari yuko orofa ya tatu. Hakuna aliyemwuliza iwapo amewahi kupanda jukwaa la mbao, wala aliyemwonyesha shimo la lifti lisilofunikwa.

Tuseme ubao umevunjika, naye akaanguka. Mwenye jumba atasema kazi aliikabidhi mwanakandarasi. Mwanakandarasi atasema plasta aliipa kampuni nyingine ndogo. Kampuni hiyo nayo itadai kijana aliletwa na fundi, na fundi hana hata nauli ya kumfikisha hospitalini.

Sheria haikubali mchezo huu wa kusukumiana lawama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka anayeshikilia mahali pa kazi ahakikishe usalama na afya ya watu wote wanaofanya kazi hapo. Haisemi wale aliowaandika yeye pekee. Katika mjengo, anayeshikilia mahali kwa kawaida ni mwanakandarasi mkuu, kwani ndiye anayeamua nani aingie langoni na kazi ipi itangulie.

Hata hivyo, kampuni ndogo haiponi. Ikiwa ndiyo iliyomwajiri kijana, ina wajibu wake kwake, ukiwemo kumpa glavu, viatu na kofia ngumu inapohitajika. Wajibu wa mmoja haufuti wa mwenzake.

Ipo sababu ya kumbana mwanakandarasi mkuu. Fundi wa stima anaweza kuondoa ubao wa jukwaa ili apitishe nyaya, kisha aende zake. Atakayeanguka ni mpaka rangi wa kampuni nyingine, asiyejua lolote. Anayeweza kuzuia ajali kama hiyo ni yule anayesimamia mjengo wote.

Sheria hiyo inataja pia mafunzo na usimamizi. Mafunzo hayo si lazima yawe ya darasani. Kila mgeni, hata kibarua wa siku moja, azungushwe kabla ya kuanza kazi: aonyeshwe mashimo, nyaya za stima, njia ya kutorokea hatari na sanduku la huduma ya kwanza. Aambiwe ni nani wa kumpasha habari akiona hatari, na aelezwe haya kwa lugha anayoielewa.

Aidha, si kuanguka pekee kunakodhuru. Simiti mbichi huchoma ngozi, na anayeishika kila siku bila glavu anaweza kupata ukurutu usiopona upesi. Vumbi la kukata mawe na vigae huingia ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu polepole kwa miaka mingi, na huzidisha hatari ya kifua kikuu. Kumwagia maji wakati wa kukata hupunguza vumbi hilo. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi.

Mtu akianguka kutoka juu, asinyanyuliwe kwa pupa na kutupwa nyuma ya pikapu. Huenda uti wa mgongo umeumia, na kumkunja kunaweza kumpooza. Alazwe alipo, shingo isichezeshwe, damu izuiwe kwa kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi, na ambulensi iitwe.

Kuhusu gharama, Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, pia ya 2007, inamtaka mwajiri alipie matibabu yanayofaa na awe na bima ya wafanyakazi. Kukosa barua ya kazi hakumnyimi kibarua haki yake. Ajali iarifiwe mwajiri mara moja, na dai la fidia liwasilishwe kabla ya miezi 12 kupita. Anayezungushwa aende katika afisi ya Idara ya Usalama na Afya Kazini iliyo karibu naye.

Kwa hivyo, ewe kibarua, kabla ya kupokea karai uliza jina la anayekuajiri na la kampuni inayosimamia mjengo, uyaandike na kumwachia mtu wa nyumbani. Nawe mwanakandarasi, nusu saa ya kumzungusha mgeni haitachelewesha jumba lako. Kinga ni bora kuliko tiba.