Somo la Redio: Kazi ya Mnasihi

Fungueni madaftari. Neno letu la leo ni MNASIHI. Lisomeni polepole: m-na-si-hi. Ni ndugu wa neno nasaha. Mnasihi ni mtu aliyefunzwa kumsikiliza mwenye shida, na kumsaidia mpaka aione njia yake mwenyewe.

Huenda mmoja wenu akasema, "Mwalimu, kazi hiyo sisi tunayo tangu zamani. Mwari ana somo wake. Mume na mke wakigombana, wazee wapo, na Kadhi yupo." Ni kweli. Lakini tazameni tofauti. Somo humfundisha mwari. Kadhi huhukumu. Mnasihi hahukumu, wala hamwamrishi mtu. Yeye huuliza, kisha hunyamaza, na kunyamaza ni kugumu kuliko mnavyodhani.

Nitawaambia kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, katika darasa moja la jioni, bibi mmoja alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Akaanza kunieleza kwamba nyumbani kwake hapana raha. Hata hajamaliza, mimi nikamrukia: "Nenda kwa sheha! Rudi kwa wazee wako!" Akanitazama, akafunga daftari lake, akaniaga kwa adabu. Hakuja tena darasani. Alikuwa karibu kuweza kuandika barua. Mpaka leo sijui alitaka kuniambia nini.

Basi jambo la kwanza analofunzwa mnasihi ni kuuzuia ulimi wake. Wanafunzi hukaa wawili wawili. Mmoja husema, mwenziwe husikiliza, na mwalimu huwaangalia.

Jambo la pili ni siri. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba. Mtu uliyezungumza naye asubuhi utakutana naye jioni sokoni Darajani, naye yuko na mumewe. Usimwulize, "Lile jambo vipi?" Mpe salamu, upite. Siri ikitoka mara moja tu, mtaa mzima hautakuja kwako tena. Lakini ziko siri zisizofichwa: mtoto anayeumizwa, au mtu anayetaka kujiua. Hapo mnasihi hana budi kutafuta msaada. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja kimewekwa kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo aliyedhalilishwa hupata daktari, polisi na mnasihi mahali pamoja, asizungushwe mji mzima na aibu yake.

Kazi hii imekujaje kwetu? Mwaka 1986 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi walijulikana Zanzibar. Ikawa lazima awepo mtu wa kuzungumza na mwenzake kabla ya kupimwa damu na baada ya kupata jibu. Wauguzi wakafunzwa unasihi. Halafu likaja janga la unga, nami sisemi unga wa sembe. Mwaka 2009 ilifunguliwa Unguja nyumba ya kwanza ya upataji nafuu, wanamokaa watu wanaoacha dawa za kulevya. Wengi wa wanaowanasihi humo waliwahi wenyewe kutumia, wakaacha, wakasomeshwa kazi hii. Mgonjwa hawezi kuwaambia, "Wewe hujui."

Wala msidhani ni kazi ya wenye digrii peke yao. Katika mji wa Harare, nchi ya Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi vizee 14. Aliwafunza kukaa bencini nje ya zahanati na kuzungumza na watu wenye mawazo mengi. Baadaye wataalamu wakawapima watu 573. Miezi 6 ilipopita, kati ya kila watu 100 waliosaidiwa na watu wa namna ile, kama 14 tu walikuwa bado na dalili za huzuni kubwa. Kwa wale waliopata matibabu ya kawaida walikuwa kama 50. Benchi hilo limefika hata Zanzibar.

Lakini atakaye kuifanya iwe kazi yake ya maisha, njia ni ndefu, sitawadanganya. Kwanza amalize kisomo hiki. Kisha asome masomo ya jioni mpaka afanye mtihani wa Kidato cha Nne, na umri si kizuizi. Baada ya hapo yako masomo ya ustawi wa jamii katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania humsomesha mtu akiwa kwake na kazi zake. Wengi huanza kwa kujitolea, na mshahara hauji upesi.

Kazi ya darasa. Kaeni wawili wawili. Mmoja aeleze shida yake ndogo kwa dakika 5. Mwenziwe asitoe shauri hata moja; aulize tu. Kisha kila mmoja aandike sentensi 3: je, ilikuwa vigumu wapi?

Kwa herini mpaka juma lijalo.