Swichi Iangukapo Jikoni



Dada yetu mmoja aliyeolewa Nairobi, akaaye Soweto West katika mtaa wa Kibera, ametuletea swali ambalo naamini hata walioko Mombasa, Malindi na Lamu litawafaa. Kila atiapo birika la umeme achemshe maji ya chai karibu na Magharibi, swichi kuu huanguka na ploti nzima ikaingia gizani. Majirani wamechoka. Mmoja amemshauri amwite kijana aiondoe swichi hiyo na kuunganisha waya moja kwa moja, ili stima isikatike tena.

Asithubutu. Swichi ile haikuharibika. Yafanya kazi iliyowekewa. Umeme wetu ni wa volti 240, na waya upitishao kuliko uwezo wake hupata moto ndani ya ukuta au chini ya bati pasi na mtu kuuona. Katika vyumba vya mabati na mbao vilivyoshikana, kikiwaka kimoja huwaka na jirani zake.

La kwanza ni kutazama swichi huanguka lini. Ikianguka baada ya dakika kadhaa, na huku vyombo vingine vinafanya kazi, aghalabu ni mzigo. Hesabu yake si ngumu: gawa wati zilizoandikwa chini ya chombo kwa 240, upate ampia. Birika la wati 2,200 lavuta ampia 9 na ushei; jiko la koili la wati 2,000 lavuta 8 na ushei. Yote mawili kwenye waya mmoja wa soketi nyingi, ulioundwa kwa ampia 13, yapita 17. Na jirani akiwa anapiga pasi kwa njia iyo hiyo ya ploti, dada yetu hulaumiwa kwa mzigo wa watu watatu. Hapo hapahitajiki fundi. Ni kupeana zamu tu.

Ikianguka papo hapo birika linapowashwa, kuna mawili. Huenda nyaya zimegusana ndani ya plagi au pale zinapokunjika. Utaona weusi au utanusa plastiki iliyoungua. Au umeme wavuja kutoka kwenye koili hadi kwenye mwili wa chombo na kuingia waya wa ardhi. Ziko swichi maalumu zinazohisi uvujaji huo, nazo hukata kwa sehemu 30 tu za elfu moja za ampia. Ndiyo maana birika laangusha kwako, ilhali kwa jirani asiye na swichi hiyo lachemsha vizuri. Si kwamba kwake limepona.

Hapa sisi wa pwani tuna jambo letu. Oveni iliyofungiwa tangu Idi iliyopita, ikitolewa kuokea keki, huangusha swichi ingawa hakuna aliyeigusa. Ndani ya koili mna unga ukingao umeme, nao hunyonya unyevu wa hewa. Fundi hujua kuikausha, na pengine hupona bila kununuliwa kitu.

Ili kumjua mkosaji, chomoa plagi zote, friji nayo, kisha pandisha swichi. Kwa wakaao ploti, jambo hili lifanywe mchana kwa kuelewana na majirani. Swichi isipokaa, kasoro i katika nyaya za nyumba, na huenda paa lavuja juu ya soketi. Acha hapo, umwite fundi. Ikikaa, tia chombo kimoja kimoja, kwa mikono mikavu na ndara miguuni. Kile kiangushacho kijaribu mara moja tu kwa soketi nyingine usije ukakisingizia, kisha kiweke kando.

Mawili nayaona Kibera na hata kwetu, nayo yanitia hofu. Fyuzi ya plagi ikiungua, watu huizungushia uzi wa waya au karatasi ya pakiti ya sigara. Na plagi ya miguu miwili huingizwa kwa kuchokoa tundu la juu kwa kalamu. Tundu lile ni la waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano. Chombo cha chuma kisicho na waya huo kikivuja, umeme hupitia kwa aliyekishika, naye mara nyingi ni mama mwenye mikono majimaji au mtoto aliye peku.

Soweto West tatizo lazidi, kwani baadhi ya vyumba huvutiwa waya juu ya mabati na watu wa kati, kwa malipo ya kila mwezi, bila mita, bila waya wa ardhi, na bila swichi yoyote ya kuanguka. Mtu hujiona ana stima isiyosumbua. Hukumu ya umeme usiolipiwa ina makala yake. Ila mwenye nyumba apokeaye kodi na kuuacha waya kama huo juu ya vichwa vya watoto wa watu ana la kujibu.

Mtu akinaswa, usimshike: zima swichi kuu kwanza, au msukume kwa mti mkavu. Moto wa umeme usimwagiwe maji.

Fundi awe na leseni ya EPRA, Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli. Kumwomba aionyeshe si utovu wa adabu. Mweleze swichi huanguka lini na ulichokiona ulipochomoa vyombo. Kwa birika la bei nafuu, ujira wake waweza kupita bei ya jipya. Dada yetu akiambiwa koili ndiyo ivujayo, asimpe mtu mwingine birika lile; akate waya wake kwanza, likiwa limechomolewa, ndipo alitupe.